Nilihamia Mtera Kumzika Mtani Wangu

Watu huniuliza kwa nini nilijenga Mtera. Wanangu huwajibu kwamba mzee anapenda kuvua na kuwinda kanga. Ni kweli, napenda. Lakini mtu wa kupenda kuvua tu hahitaji kwenda mbali vile, kwenye joto la namna ile. Nilikwenda kwa sababu kule kulikuwa na mtu niliyetaka kukaa jirani yake mpaka afe, ili nimzike mimi, asije akanizika yeye. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupambwa akayatafute kwa waliosoma.

Kazi yangu ilikuwa tofali. Nilianza kwa kuchanganya zege kwenye nyumba za watu, nikawa fundi, mwisho nikawa na uwanja wangu wa kufyatulia tofali pale Chang'ombe. Serikali ilipohamia Dodoma kila mtu akataka ukuta, na tofali zangu leo ziko kwenye nyumba za wakubwa ambao hata wakinikuta njiani hawanijui. Sijawahi kumwomba mtu kitu. Magoti yalipoanza kulia niliwaita wanangu nikawaambia, nimetosha, natafuta mahali pa kukaa na ndoano yangu na bunduki yangu ya marisau. Leseni ninayo, na ikiisha muda naenda mwenyewe wilayani.

Nilitazama kwanza Hombolo kwa sababu ni karibu. Bwawa lipo, perege wapo. Lakini kila mwisho wa juma vijana wa mjini wanateremka na magari, wanafungua milango, wanapiga muziki mpaka maji yanatikisika. Kwale aliyebaki Hombolo ni yule kiziwi. Nikaiacha.

Nikatazama Kibakwe, kwao mke wangu. Hapo sitasema uongo: Kibakwe ni pazuri. Kuna baridi, kuna maharage, na nguruwe pori wanakula mahindi ya watu mpaka kijiji kizima kinakushukuru ukiwapunguza. Lakini ni vilima. Kanga ukimpiga Kibakwe anaangukia bonde la pili, na wa kumfuata ni wewe. Samaki wa vijito vyao ni wa ukubwa wa kidole. Tena mtu kukaa ukweni uzeeni ni kazi. Hata shati huvui mpaka uangalie nani anapita.

Mtera ni tambarare. Maji yale ni mengi, ng'ambo unaiona kwa shida. Kambale wanafika urefu wa mguu wa mtu mzima. Asubuhi kanga wanakuja kunywa kwa mistari kama watoto wa shule, na barabara ya lami iko pale pale, ukiugua basi la Iringa au la Dodoma linakuchukua. Ubaya wake ni joto, mbu na mamba. Nilimweleza mke wangu haya yote kwa utaratibu, kama mtu aliyepima.

Akasema, "Ni kwa sababu ya yule."

"Yupi?"

"Usinifanye mtoto, Baba. Yule wa buchani."

Alikuwa amenipata.

Sisi Wagogo na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali watukanane. Mtani anaweza kukuchukulia kuku, anaweza kukuita jina lolote mbele ya watu, na kwenye msiba wako ndiyo anaruhusiwa zaidi: anaigiza marehemu alivyotembea, analala kaburini, anagoma kutoka. Wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha wewe, na kosa ni lako. Njia ni moja tu, kusubiri zamu yako.

Baba yangu alikuwa mwindaji, huko kwetu karibu na Buigiri. Alikuwa na gobole na mbwa wawili. Nilipotaka kuoa, wakwe walituma habari kwamba watakuja kututembelea, na baba akajisifu kwamba watakula nyama ya pori, watakula pongo. Akaingia porini siku tatu. Siku ya tatu nilikuwa naye. Hatukuona hata mavi ya pongo.

Tukiwa tunarudi akapitia mnadani. Kwenye bucha palikuwa na kijana wa Kihehe anakata nyama. Baba akamwambia taratibu, "Mtani, nipe mguu wa mbuzi. Ila usiukate kibucha. Ukate vibaya vibaya, kama umekatwa na kisu kibutu huko porini."

Yule kijana hakucheka. Aliukata vibaya kabisa, akaugaragaza kwenye vumbi na majani, akamkabidhi kwa mikono miwili kwa heshima. Baba akamwambia, "Hili libaki hapa hapa."

"Libaki, Mzee," akasema.

Wakwe walikula. Mkwe wangu mkubwa alinyonya mfupa, akasema nyama ya pori haifichiki, ina ladha yake. Mimi nilitafuna nikiangalia chini. Nikaoa.

Miaka ikapita, mingi, baba akafariki. Watani walikuja kama inavyotakiwa, na yule wa bucha alikuwemo, sasa mtu mzima mwenye tumbo. Alilala kaburini akakoroma. Watu wakacheka, nami nikacheka. Akapewa kuku atoke. Akatoka. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe alikuwa hajaanza. Alichukua fimbo akaiweka begani kama gobole. Akainama, akanyata, akajificha nyuma ya wanawake, akachungulia. Akatambaa kwa tumbo mpaka mbele ya watu wote, akalenga. "Tuu!" Kisha akasimama, akajifuta vumbi, akasema kwa sauti ya baba yangu, ile ile ya puani: "Mtani, nipe mguu wa mbuzi. Ila usiukate kibucha."

Akalieleza lote, mpaka vumbi na majani. Mkwe wangu mkubwa, mzee wa watu, aliinuka kwenye kiti akasema, "Kumbe ile ilikuwa mbuzi!" Hapo msiba ukavunjika. Watu walishikana mabega. Mashangazi zangu waliolia tangu jana walikaa chini kwa kucheka.

Nami nilicheka. Ningefanya nini?

Baba yangu aliua pongo wa kweli, aliua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba ya kijiji, mara moja alimpiga chui aliyeingia zizini. Hakuna anayelikumbuka hata moja katika hayo. Anajulikana kwa mguu mmoja wa mbuzi. Mwindaji wa buchani. Nikiwa juu ya jukwaa napanga tofali, vibarua wapya walikuwa wanaulizana chini, "Huyu ndiye mtoto wa mwindaji wa buchani?" Kwenye harusi ya mwanangu wa kwanza mshereheshaji alilitaja kwenye kipaza sauti. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba ilikuwa kweli. Uongo ningeukana.

Basi niliposikia kwamba yule Mhehe aliacha bucha zamani, akafanya biashara ya samaki, na sasa amezeeka amejenga Mtera upande wetu huu wa Dodoma, nilinunua kiwanja hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Hata msingi sijamwaga, akaja.

"Kamwene, Mgogo! Umekuja kuomba nini?"

"Nimekuja kuomba uwahi kufa, Mhehe. Nina haraka."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe mwenye magoti hayo? Nitakuzika na tofali zako mwenyewe. Na msibani nitaigiza unavyoshuka ngazi."

"Mpishe mbwa wangu huyo. Unavyomwangalia, naona kama unatafuta sufuria." Wahehe tunawatania kwamba wanakula mbwa.

Ndivyo tulivyoanza. Asubuhi tulikaa ukingoni, kila mtu na ndoo yake ya kukalia. Yeye aliweka utumbo wa kuku kwenye ndoano, mimi minyoo. Akivuta kambale mkubwa kuliko wangu alimzungusha mbele ya pua yangu na kuniuliza kama namfahamu. Mimi nilikuwa na bunduki, yeye hakuwa nayo, hivyo kanga walikuwa wangu, na kila nilipompelekea mmoja nilimwambia, "Huyu hana mhuri wa bucha." Sitasema tulikuwa marafiki. Nilikuwa namchunguza. Nilihesabu vidonge alivyomeza, nilisikiliza anavyopumua akipanda ukingo. Na zaidi nilitafuta kitu kimoja, kitu cha kweli, kama kile alichokuwa nacho juu ya baba yangu. Kitu cha kutunga kisingefaa.

Nilikipata mwaka wa tatu, wakati wa kiangazi. Tulikwenda kutafuta kanga upande wa matete, ambako maji yamevutwa nyuma. Akasema anakwenda haja, nimsubiri. Akaingia kwenye matete, akateremsha suruali. Kidogo nikasikia majani yanavunjika, na yowe. Mtani wangu, mtu wa miaka sabini na kitu, alitoka mle suruali ikiwa kwenye vifundo vya miguu, akaruka kama sungura, akapanda mgunga. Mgunga, ndugu zangu, ule wenye miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia. Alipanda mpaka juu.

"Mamba! Mgogo, mamba!"

Mimi nilimwona huyo mamba. Alikuwa kenge. Alikwenda zake upande wa pili, kaogopa kuliko mtani.

"Ameondoka?" akauliza huko juu.

"Bado yupo," nikasema. "Anakutazama."

Nilimwacha juu muda wa mtu kuvuta sigara mbili, na mimi sivuti. Aliposhuka hakuweza kukaa. Nilimlaza kifudifudi kwenye mchanga, nikachukua pini niliyofungia mfuko wa shati, nikaanza kumtoa miiba kwenye makalio, mmoja mmoja. Ilichukua mpaka jua lilipokuwa utosini. Alikuwa anapiga kelele kwa kila mwiba. Halafu akasema akiwa uso mchangani:

"Mtani. Hili libaki hapa hapa."

Maneno yale yale ya baba yangu. Nilimtazama kisogo. Sidhani alikumbuka.

"Tulia," nikamwambia. "Bado saba."

Sikusema ndiyo. Mtu asije akanisingizia kwamba nilimwahidi.

Mkewe aliambiwa ni kiuno. Alimkanda kwa maji ya moto wiki nzima, maskini, kiuno ambacho hakikuwa na kitu.

Mwaka uliofuata presha ilimwangusha. Walimpeleka hospitali, akakaa siku nne, akafariki. Habari ilinikuta ukingoni. Sikulia. Nilikaa kwenye ndoo yangu, nikasema kimoyomoyo, Baba, zamu yetu imefika. Siku ile sikuvua. Ndoano niliitupa majini haina chambo, nikaja kuligundua hilo wakati wa kurudi.

Mke wangu alikuwa amejifunga khanga anajiandaa kwenda kulala matangani. Akaniambia, "Baba, usiende kufanya yale."

"Yapi?"

"Unayajua. Watoto wake wameokoka. Mchungaji ameshasema hataki mambo ya utani, ni msiba wa Kikristo."

"Na sisi kwenye msiba wa baba tulikuwa wapagani? Padri wetu alikuwepo, na alicheka."

"Mtu amekufa. Mwache apumzike."

"Yeye alimwacha baba yangu?"

Akageuka kuondoka. Akasema tu mlangoni kwamba nivae viatu vya maana.

Siku ya maziko palikuwa na maturubai, viti vya kukodi, na mshereheshaji mwenye karatasi ya ratiba. Salamu za serikali ya kijiji, salamu za wavuvi, salamu za kwaya. Halafu akasoma, "Salamu za watani. Dakika mbili."

Dakika mbili! Nimesubiri nusu ya maisha yangu. Nilisimama, nikachukua kile kipaza sauti, nikamrudishia mkononi, nikatembea moja kwa moja mpaka kaburini. Lilikuwa limejengewa kwa tofali ndani. Nikaangalia plasta.

"Nani amepiga plasta hii?" nikauliza kwa nguvu. "Maji yataingia, na mtani wangu haogelei!"

Watu wa nyuma wakaanza kucheka. Nikakaa ukingoni, nikateremka ndani.

Mchungaji akasema, "Mzee, tafadhali, toka."

"Sitoki mpaka niseme."

Nikasema. Sikuongeza kitu, sikupunguza. Nilisema matete, nikasema suruali ilipokuwa, nikapiga yowe lake lile lile, "Mgogo, mamba!" Nilisema mgunga. Nilisema kenge alivyokimbia. Nikawaeleza idadi ya miiba na mahali ilipokuwa imekaa, na jinsi mfanyabiashara mkubwa wa samaki alivyolala mchangani makalio yakiangalia mbingu, akihudumiwa na Mgogo. Kwaya ilikuwa ya kwanza kushindwa. Halafu nikasikia sauti ya mjane, shemeji yangu, kutoka kwenye turubai la wanawake:

"Ndiyo maana alilala kifudifudi wiki nzima! Na mimi nakanda kiuno!"

Alicheka yule mama mpaka akashikwa na wenzake, akalia, akacheka tena. Mchungaji aligeuka akatazama bwawa, mabega yanamtikisika. Nikiwa mle ndani, tofali pande zote nne, nilijua kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu Mtera atakayesema habari za samaki wa yule bwana bila kusema kenge. Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo: nilifurahi, na mpaka leo sijutii.

Kisha nikataka kutoka.

Goti la kulia likakataa. Nikajaribu la kushoto, nalo likakataa. Nilikuwa nimeshuka bila kufikiria kupanda, mimi niliyepanda jukwaa la ghorofa nne na ndoo ya zege kichwani. Ukingo ulikuwa usawa wa kidevu changu. Nikanyoosha mkono juu.

"Nitoeni."

Hakuna aliyeushika. Nikaona viatu vyeusi vinakuja mpaka ukingoni, vikasimama. Alikuwa mdogo wake marehemu, ametoka Iringa, mwembamba, amenyoa upara. Akachuchumaa.

"Mtani, ulisema hutoki mpaka useme."

"Nimeshasema."

"Basi toka."

"Nipe mkono."

"Mkono wa bure? Wewe si ndiye kaka alikuwa anatuambia hajawahi kumwomba mtu kitu? Sema, 'Naomba, Mhehe.'"

Wahehe wote pale juu wakashangilia. Nikasema silisemi. Akasema sawa, akaomba kwaya iendelee. Waliimba wimbo mzima, beti zote, jeneza likiwa kwenye viti, mimi nikiwa ndani nimeshika ukingo kama mtu aliyening'inia dirishani. Jua likanipiga kichwani. Nilimtafuta mke wangu kwa macho, nikamwona. Alikuwa amejifunika khanga mdomoni, na hakuwa analia.

Ubeti wa mwisho ukaisha. Yule mdogo mtu akaweka mkono sikioni.

"Naomba," nikasema.

"Naomba nani?"

"Naomba, Mhehe."

Nadhani kelele zile zilisikika ng'ambo. Walipitisha kamba za jeneza chini ya makwapa yangu, watu wanne wakanivuta, nikatoka nimejaa udongo mpaka kwenye nyusi. Yule bwana alinifuta uso kwa leso yake mwenyewe, mbele ya watu, taratibu kama anafuta mtoto. Akaninong'oneza, "Pole, Mzee. Usiharakishe. Lako linakuja."

Tukamzika. Nilirusha udongo wangu, tena mwingi kuliko wa wengine.

Nilitegemea yule mdogo mtu atarudi kwao matanga yakiisha. Hakurudi. Amestaafu, kazi yake ilikuwa kwenye msitu wa mbao, na amemwambia shemeji yake kwamba atakaa kuangalia mji wa kaka yake. Kila asubuhi anapita mlangoni kwangu ananiamkia shikamoo kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, kwa sababu nimemzidi umri kwa miaka tisa na anataka nilisikie hilo. Ndoo ya kukalia kaleta yake mwenyewe, mpya. Juzi kaniuliza mbele ya wavuvi kama naomba minyoo.

Mke wangu anaona tumemaliza, tuondoke. Nimemwambia hatuondoki. Mtu wa miaka tisa nyuma yangu, asiyevuta, asiyekunywa, ndiye atakayesimama kwenye msiba wangu, na mimi nimempa neno la kusema kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa hiyo nimepunguza chumvi. Nimekwenda Dodoma kupima moyo, nikanunua dawa ya magoti, nayatembeza kila alfajiri mpaka kwenye kivuko cha ng'ombe na kurudi. Kufa mapema sikubali.

Na jana nilimwalika twende kutafuta kanga. Alikubali haraka. Anatembea vizuri, hapumui kwa shida, nilimsikiliza njia nzima. Tulipofika kwenye matete nikamwuliza, kwa urafiki kabisa, kama kuna kitu chochote porini anachokiogopa.

"Mimi?" akasema. "Hakuna."

Nikamwambia atangulie.